Jibu kwa dogo wa Iyunga: terahezi inakwama kwenye kathodi

Mdogo wangu, umeuliza kama ukichukua magnetroni ya maikrowevu (ile tyubu inayotengeneza mawimbi ya kupashia chakula) ukaipunguza tu vipimo vyote utapata terahezi, yaani mawimbi yanayotetema mara trilioni kwa sekunde, na kwa nini wataalamu wamekazania kathodi, kile kipande kinachotoa elektroni. Mimi fundi TV hapa Mwanjelwa, Mbeya, TV za chogo nimezifungua miaka na miaka, nakujibu kwa nilichokiona mezani na nilichosoma.

Kwenye shingo ya chogo kuna vikathodi vitatu vimepakwa oksaidi ya bariamu na strontiamu, hita ya volti 6.3 inavipasha mpaka kama nyuzi 800 ndo elektroni zinatoka. Vikichoka utajua tu, unawasha picha inakuja taratiiibu, afu rangi moja inafifia kabla ya zingine, ikiwa nyekundu basi mtangazaji anakuwa na sura ya kijani kibluu. Tunaipandishia hita volti kidogo, inaamka, ila haikai sana coz bariamu ya usoni ishaisha. Na hapo ni tyubu inayotoa mkondo mdogo sana!

Sasa maikrowevu ni gigahezi 2.45, wimbi lake sentimita 12 hivi. Terahezi 1 wimbi ni milimita 0.3, na sakiti, yaani vile vyumba vya chuma ndani ya tyubu ambamo wimbi linatengenezwa, inasinyaa kufuata wimbi. Magnetroni kathodi yake iko katikati ya sakiti humohumo, so nayo itasinyaa, na elektroni zinazorudi zinaipiga. Ndo maana terahezi wanapendelea tyubu za mwale ulionyooka (elektroni zinapita kwa mstari mmoja), kathodi inakaa nje ya sakiti na unaweza kuiacha kubwa.

Piga hesabu mwenyewe: miliampia 10 tu kwenye tundu la kupitishia mwale la kipenyo cha milimita 0.1 ni zaidi ya ampia 120 kwa sentimita ya mraba. Kathodi ya tungsteni yenye vinyweleo vilivyojazwa bariamu, inayopashwa kama nyuzi 1000, ukitaka idumu unaidai ampia chache mpaka kumi hivi kwa sentimita hiyohiyo ya mraba. Pengo hilo unaliziba kwa bunduki ya Pierce, kathodi pana yenye uso uliobonyea, mwale unabanwa njiani sumaku inaushikilia. Ila elektroni zinasukumana, sumaku ikilegea kidogo tu zinagonga ukuta na ukuta wenyewe mwembamba, unaungua.

Wengine wanatumia mwale bapa, kama unavyotandaza mahindi kwenye turubai badala ya kurundika, mkondo mkubwa bila msongamano, shida kingo zinajikunja. Kathodi za skandiamu zinatoa elektroni nyingi mno ila kupata mbili zinazofanana ni kazi. Za baridi, zile ncha za molibdenamu za mtafiti Spindt za 1968, mimi nazipenda kweli, hazina hita na zinawaka papo hapo, lakini hewa iliyobaki ndani inageuka ayoni zinazochakaza ncha, na cheche moja tu inaweza kuua eneo zima.

Kwa project yako anza na tungsteni na Pierce. Usisahau sheria ya Child, inayosema volti inaweza kuvuta mkondo kiasi gani kwenye kathodi: volti ukizidisha mara mbili mkondo unapanda kama mara 2.8. Weka hapa volti na kipenyo cha tundu unachotaka tupige hesabu ya kubana pamoja.