Tyubu ya 29 kwenye gurudumu la inchi 36: inaingia, ila chagua pana

Kaka, umeuliza kama tyubu ya baiskeli ya mlimani ya 29 itafaa kwenye baiskeli yako ya gurudumu moja ya inchi 36, maana maduka ya Moshi uliyozunguka hayana tyubu ya 36. Inafaa, na wengi huipenda kwa kuwa ni nyepesi. Ila iwe pana, upana wa inchi 2.4 hivi. Ile ya Phoenix ya 28 achana nayo: ni nyembamba, ikivutwa hadi hapo mbigili mmoja tu umekwisha.

Kabla hujalipa, angalia tundu la rimu. Tundu dogo halipitishi valvu nene kama ya pikipiki.

Kufunga ndiko kwenye kazi. Ingiza upande mmoja wa tairi kwanza. Jaza tyubu upepo kidogo, iwe duara tu, uipake poda. Anza na valvu, kisha nenda upande wa pili kabisa, halafu katikati ya hapo pande zote. Ukiizungusha mfululizo kutoka kwenye valvu, mvuto wote unaishia sehemu moja na hapo ndipo itakapopasuka. Tairi ifunge kwa vidole (fundi akishika bisibisi, mnyang'anye), na umalizie penye valvu. Isukume valvu ndani kidogo, uone tyubu haijabanwa na ukingo wa tairi. Jaza, toa upepo wote, jaza tena ili mikunjo inyooke.

Pancha ikitokea, kiraka kwenye tyubu iliyovutwa huwa kinabanduka. Nunua mbili.