Gari la wagonjwa Dar: king'ora ndiyo sehemu ndogo kuliko zote

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umemaliza diploma ya utabibu, kampuni binafsi ya magari ya wagonjwa hapa Dar imekuita kazini, na unataka kujua siku inakwendaje hasa, kama ni king'ora na damu kutwa nzima kama wenzako wanavyokutisha. Umeuliza pia kama dereva ana kazi nyingine zaidi ya kushika usukani. Mimi ni muuguzi, huu mwaka wa saba niko nyuma ya gari. Leo niko ofu, kwa hiyo vumilia urefu.

Kwetu zamu ina urefu wa saa kumi na mbili, tunapokezana saa moja asubuhi na saa moja usiku. Safari nyingi ni rufaa: unamtoa mgonjwa kituo kidogo unampeleka hospitali kubwa kama Amana, Temeke, Mwananyamala, Muhimbili au Mloganzila. Nyingine ni wagonjwa wa figo wanaokwenda kusafishwa damu, au mzee aliyepooza anarudishwa nyumbani na lazima apandishwe ngazi. Siku nyingine mnakodiwa kukaa uwanjani kwenye mechi au mbio za hisani, unatafuna karanga mpaka jioni. Dharura zenyewe, za kupigiwa simu kutoka nyumbani au barabarani, leo moja, kesho tatu, keshokutwa hakuna. Mtu akigongwa Manzese hasubiri gari letu, wananchi wanamtupia kwenye bajaji na safari inaanza. Siwalaumu.

Halafu usitegemee kukuta mfumo kama wa Afrika Kusini au Marekani, ambako paramediki, yaani mtu aliyesomea dharura za kwenye gari la wagonjwa, ni kada yake kabisa. Humu utakuta muuguzi, tabibu kama wewe, mara chache daktari, na dereva. Kwa mgonjwa wote ni dokta. Mimi ni sista.

Sasa nikuambie habari ya mtungi, maana mimi kazi hii nilijifunzia hapo. Mtungi mdogo tunaobeba ukijaa una lita kama 680 za oksijeni. Mgonjwa akiwa kwenye lita 10 kwa dakika, huo ni muda wa saa moja na dakika chache. Geji ikisoma nusu, una dakika 34, na hizo ni mpaka mtungi uishe kabisa. Zichukue dakika 34 hizo uziweke barabara ya Kilwa saa kumi na moja jioni.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea gari asubuhi, mwenzangu wa usiku akaniambia "mtungi uko freshi", nikasaini. Mchana tukapiga safari mbili, sikuugusa. Jioni tukatumwa upande wa Mbagala kumchukua mzee mwenye nimonia kumleta mjini. Ni kipindi kile barabara imechimbwa kwa ajili ya mwendokasi, magari yamebanwa kama dagaa. Mtungi mkubwa wa garini ulikuwa umepelekwa kujazwa, tuna huo mdogo tu. Tumefika Mtoni, oksimeta, kile kipimo cha oksijeni mwilini cha kubana kidoleni, inasoma 96, nimefurahi mwenyewe. Nageuza shingo kuangalia geji, mshale umelala kwenye wekundu.

Nikamvua ile maski yenye mfuko nikamvisha ya kawaida, nikashusha mpaka lita 6, nikanyanyua machela upande wa mgongo akae wima. Oksimeta ikateremka mpaka 92, ikasimama hapo. Binti yake aliyemsindikiza alikuwa ananitazama. Hakuuliza kitu. Alichukua kadi ya kliniki akaanza kumpepea nayo baba yake. Dereva akaniangalia kwenye kioo, akasema neno moja: "Gesi?" Nikaitikia kwa kichwa, akakata kona kwenda hospitali iliyokuwa karibu. Wakatuazima mtungi, nikausaini kama mtu anayeazima sufuria ya shughuli. Mzee alifika. Lakini yule binti akipepea baba yake na kadi, ile picha haijanitoka, na kosa lilikuwa langu, maana sahihi ilikuwa yangu.

Tangu hapo sipokei gari kwa maneno. Mtungi naufungua mwenyewe kwa spana, nasoma geji, naandika namba. Mashine ya kufyonza naiwasha na kuziba bomba kwa kidole nione kama inavuta. Ambu begi, ule mfuko wa kumpulizia hewa mgonjwa, naibinya mkononi. Vijiti vya kupimia sukari natazama tarehe. Mashine ya kushtua moyo natazama betri. Inachukua dakika ishirini, na wapo watakaosema unajifanya mjuaji. Waache waseme.

Jambo la pili sikufundishwa darasani. Ukiingia chumbani kwa mtu mzima, kabla hujatoa mashine ya presha, mwamkie. "Shikamoo mama." Adabu ni adabu, lakini ile marahaba ni kipimo. Akiitikia kwa pumzi moja, "marahaba mwanangu, hujambo," umeshajua njia ya hewa iko wazi, pumzi anayo, akili zimetulia. Akiitikia "mara... haba" huku mabega yanapanda na kushuka, weka oksijeni kwanza, daftari baadaye. Akikutazama tu bila kutamka, angalia mdomo kama umekwenda upande, mwambie anyanyue mikono yote miwili, na uulize ilianza saa ngapi, maana hospitali hilo ndilo watakalokuuliza.

Nilishawahi kuamkiwa shikamoo na babu wa miaka themanini! Familia ilikuwa imekaa ukumbini, ubani umeshawashwa, wanasema amepandisha, tangu alfajiri anaongea na watu wasioonekana. Jasho linamtiririka. Nikamtoboa kidole: sukari 1.9, imeshuka mno. Alikuwa amekunywa dawa zake za kisukari na usiku hakula. Kumeza hawezi, kwa hiyo hapo hakuna habari ya kumtia soda mdomoni. Tukatafuta mshipa, tukaweka dextrose, maji ya sukari, polepole. Haikupita muda, babu akafumbua macho vizuri, akaniangalia mimi, akaangalia viatu vyangu juu ya mkeka wake. "We binti, nani kakuruhusu kuingia na viatu?" Ukumbi mzima ukacheka, mwingine analia. Siku kama hiyo unarudi nyumbani umeshiba.

Kuipata nyumba ni kazi nyingine. Vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mwaka 2022 vimesaidia, lakini mtu ambaye mama yake ameanguka hakumbuki namba ya nyumba. Atakwambia "njooni mpaka kwa Mangi, mkate kulia kwenye transfoma, mtaona watu." Maduka ya Mangi Dar unayajua yalivyo. Siku hizi simu ikiingia naomba kitu kimoja: kijana asimame barabara ya lami na shuka jeupe au tochi. Kijana mmoja barabarani anazidi ramani yoyote. Na mjamzito au aliyejifungua karibuni akitupigia, huwa namwambia ajaribu na 115, namba ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa kina mama kama hao. Ni ya bure, na gari la wagonjwa lisipopatikana wanaweza kumtuma dereva wa mtaani aliyesajiliwa. Wenye kampuni hawapendi nikisema hivyo, lakini mama anayetoka damu hana muda wa kujadili bei na sisi.

Mkishafika, machela haipiti uchochoroni. Mazoezi ya chuoni yanafanyika kwenye korido pana, Tandale korido hiyo haipo. Unambeba mtu kwa shuka, watu wanne wanne, au kwenye kiti cha plastiki kama mgongo hauna jeraha. Vijana wa kijiweni watajitokeza, tena wana nguvu kuliko wewe, ila wape maelekezo kabla hawajashika: nani kichwani, nani miguuni, tunanyanyua nikihesabu tatu. Usipowaambia, kila mmoja atavuta kwa wakati wake. Ghorofani Kariakoo ni hivyo hivyo, lifti mbovu, mgonjwa yuko ya tano. Mgongo wangu unajua majengo yote.

Ajali za bodaboda utaziona sana. Fuvu, paja, mguu. Ukifika utakuta mmoja anamnywesha maji, mwingine anamkalisha kwa kumvuta mikono, watatu wanarekodi na simu. Usigombane nao. Mpe kazi yule mwenye sauti kubwa: "Kaka, wewe shika kichwa chake hivi, usiache mpaka nikwambie." Anageuka msaidizi na wengine wanamsikiliza. Kama ni lori limelala, kabla hujashuka uliza limebeba nini. Ya Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta likalipuka watu wakichota, wakafa zaidi ya 100, na majeruhi wakaletwa mpaka Muhimbili. Mimi lori likivuja nakaa mbali na nawaita Zimamoto kwa 114, hata watu wanitukane. Ndugu wakianza kubishana habari ya PF3, ile fomu ya polisi, waambie majeruhi anatibiwa kwanza, fomu itafuata.

Foleni sasa. King'ora kinakupa nafasi pale tu ambapo mwenzako ana pa kusogea. Kwenye foleni ya barabara ya Mandela hana, anakutazama tu kwa huruma. Wapo wanaokuunga nyuma ili wapenye, wapo wanaosema "humo hamna mgonjwa, wanawahi chai". Inaudhi, lakini nimeshawahi kuona gari la wagonjwa limebeba magunia ya mkaa, kwa hiyo maneno hayo hayakuanza hewani. Makonda wa daladala ndio wanaotusaidia kuliko watu wanavyofikiri, anashuka mlangoni anapiga bodi anasafisha njia nzima kwa matusi.

Kukabidhi mgonjwa kujifunze mapema. Muhimbili idara ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na pale ukifika wanataka taarifa ya dakika moja: umri, kimetokea nini na saa ngapi, vipimo, umempa nini. Mimi naandika kwenye mkanda wa plasta nimeubandika pajani, maana karatasi inalowa. Kuna hospitali nyingine, siitaji, tulikaa getini dakika arobaini kwa sababu kitanda hakuna na machela yetu ndiyo imekuwa kitanda. Wakati huo simu zinaingia na gari haliwezi kwenda.

Vifo vipo. Mara nyingi umekuta ameshafariki saa kadhaa, mwili umepoa, na ndugu wanakwambia "dokta mwahishe". Mwanzoni nilikuwa natoka nje kutafuta maneno. Siku hizi nakaa chini, kwenye mkeka pale pale, namtazama mkubwa wa familia na kumwambia wazi amefariki. Neno hilo hilo, nisizunguke. Nikizunguka wanaendelea kusubiri nimalize. Baada ya hapo nanyamaza, na wao wanajua cha kufanya, nani apigiwe simu, nani akafungue turubai. Usiku huo ukirudi utaosha gari kwa jiki kama kawaida, kwa sababu simu nyingine inaweza kuingia. Usingizi utakuja au hautakuja.

Kabla hujasaini mkataba, waulize: nani anajaza mitungi na kila baada ya muda gani? Glavu zinatoka kampuni au mfukoni mwako? Chanjo ya homa ya ini B wanalipa? Mkijichoma sindano mnapelekwa wapi, saa hiyo hiyo au mpaka bosi apatikane? Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Wakikujibu kwa kucheka, tafuta kwingine. Mshahara utauliza mwenyewe, huo hausahauliki.

Na swali lako la dereva. Wangu ni mzee wa Tandika, hajasoma uuguzi hata siku moja. Ila kuna usiku nilikuwa nakandamiza kifua cha mama mmoja, mara 100 mpaka 120 kwa dakika kama ulivyofundishwa, kina cha sentimeta tano, ndani ya gari linalokimbia, jambo ambalo ni gumu kuliko wanavyolichora vitabuni. Tunabadilishana na tabibu kila dakika mbili. Mzee hakuwa anakimbia hata kidogo, alikuwa anaendesha kama amebeba mayai, na kila baada ya muda anapaza sauti bila kugeuka: "Tuta!" Sisi tunashika bomba la juu, gari linapanda, linashuka, tunaendelea. "Tuta!" Nilihesabu kumi na moja kutoka pale tulipomchukua mpaka getini mwa hospitali. Yote anayajua kichwani, hata yale yasiyo na rangi.