Hicho kitundu chini ya chupa usikizibe, dada

SWALI: Asalam aleikum fundi. Nasarifu mwani huku Paje, natengeneza krimu ya uso na naipaki kwenye zile chupa za eyalesi (zisizoingiza hewa kwenye krimu) za ml 30, zenye pistoni, yaani kile kizibo cha ndani kinachopanda kila ukibonyeza. Wateja hawapendi kuiona, wanauliza hicho kinachotambaa ndani ni kitu gani. Halafu chupa nyingi zinagoma zikifika nusu. Kuna fundi anataka kunichongea moldi ya pistoni nene zaidi, ibane kabisa, na kitundu cha kitakoni tukizibe na gundi hewa isiingie. Pia nimeambiwa kwa kuwa ndani ni vakyumu, yaani utupu usio na hewa, sina haja ya prizavetivu, ile dawa ya kuzuia krimu isiharibike. Ni sawa?

JIBU: Waleikum salam dada. Si sawa hata kimoja, na vyote vinatoka kwenye hilo neno vakyumu, ambalo nalisikia karibu kila wiki mpaka limenichosha.

Ndani ya hiyo chupa hamna vakyumu. Mna krimu, basi. Ukiachia pampu presha iliyo juu ya pistoni inashuka kidogo kwa sekunde hivi, na hapo hewa ya nje inapita kwenye kitundu, inaisukuma pistoni kutokea chini. Chukua chupa moja sasa hivi, ziba kitundu kwa kidole gumba kisawasawa, bonyeza mara kadhaa: pampu inakuwa ngumu, haitoi kitu. Ondoa kidole, utasikia fsss na pistoni inaruka. Sasa huyo fundi anataka kukutilia gundi hapo hapo. Na hebu angalia na stika ya bakodi umeibandika wapi, maana nimeshaona katoni nzima zimekufa kwa stika tu.

Kubana nako. Chupa yako tuseme kipenyo cha ndani ni mm 25. Pampu ikishusha presha kwa sehemu moja ya kumi ya hewa ya kawaida, nguvu inayoipandisha pistoni ni kama uzito wa nusu kilo. Ndo hiyo tu uliyonayo! Ukiifanya nene ibane kama kizibo, msuguano unaila yote. Pistoni nzuri haibani kwa mwili, inabana kwa midomo: mdomo mwembamba juu unaokwangua krimu, mwingine chini unaoizuia isilale upande, na kiuno katikati kisichogusa ukuta. Midomo inazidi kipenyo cha chupa kwa sehemu chache za kumi za milimita tu, inakunjika kidogo, basi. Plastiki yake iwe laini kuliko ya chupa, kwa kawaida poliethilini ndani ya polipropilini.

Kugoma nusu mi naushuku ukuta wa chupa kabla ya pistoni. Mtu aliyezoea moldi za ndoo anaweka mwinamo ukutani ili kitu kitoke kirahisi kwenye moldi, kwa ndoo hakuna shida, ila hapa maana yake ni kwamba juu pembamba chini pana, pistoni inapanda vizuri halafu inakwama njiani. Pima kwa geji ya ndani sehemu tatu, chini, kati na juu, na kila sehemu upime mara mbili kwa kukatisha, maana chupa nyingine ni yai. Na kama unatia mafuta ya maganda ya machungwa au ndimu ujue yanaingia kwenye poliethilini na kuivimbisha, kwa hiyo loweka pistoni kwenye krimu yako yenyewe wiki kadhaa mahali pa joto, pima kabla na baada.

Kuificha ni kazi rahisi: rangi ile ile ya krimu, isiyong'aa, uso wa juu ufuate umbo la tumbo la pampu ili mwishoni visiache nafasi kati yao, krimu isibaki, mbavu zote ziwe upande wa chini. Au vaa chupa ganda la nje lisiloonyesha, bora tu hewa ifike kitunduni.

Prizavetivu sasa. Hawa wanaouza kozi za krimu asilia kwenye WhatsApp wana kesi ya kujibu. Krimu yenye maji na mwani ni chakula cha vijidudu, na vingine havihitaji hata hewa. Chupa inazuia vidole, haiui kilichoingia siku unakoroga, na ncha ya pampu inabaki na krimu iliyokaa nje. Mteja mmoja aliniletea boksi akilalamika pistoni zangu mbovu, zinarudi chini. Krimu ilikuwa imechacha, gesi imezisukuma mpaka vitako vikafyatuka, nikafungua moja ofisini ikanuka togwa ya juzi, tukafungua madirisha. Pistoni zilikuwa nzima kabisa, na yeye alikuwa ameshauza boksi sita za hiyo hiyo kwa watu wanaopaka usoni, wengine watoto.

Moldi usilipie kwanza. Niletee chupa tatu zilizogoma, usizioshe.