Mume anataka kunihamishia kwenye pagale Chanika, na mama mkwe kaingiza hela

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 33, ndoa miaka 7, watoto wawili, tumepanga Sinza laki 2 na nusu. Mwenye nyumba anapandisha mpaka laki 3 na anataka ya miezi 6 kwa mkupuo. Mume wangu kapata pagale Chanika milioni 14, watoto wa marehemu wanauza haraka, limeezekwa tu, halina madirisha wala umeme. Yeye ana 9, mama yake katuma 2 za korosho, anataka na mimi nitoe 3 zangu za kikoba. Nimekataa. Chanika ni mbali na kazi yangu, na najua tu mama mkwe atajiwekea chumba mimi niwe mpangaji wake. Shosti zangu wanasema natumiwa. Niondoke?"

Marahaba mwanangu. Pole kwa kodi, miezi 6 kwa mkupuo inauma, nimeilipa na mimi. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako ni ndefu kuliko kipande nilichoweka hapo juu, na huko chini umeandika kwa mkono wako kwamba unauza madera na mashuka kwa simu, Kariakoo unaenda mara moja kwa wiki kufuata mzigo, na wateja wanapelekewa na bodaboda. Sasa hiyo kazi itakayokufa ukihamia Chanika ni ipi? Wewe huogopi umbali, unaogopa shosti waje wakute dirisha limezibwa na mfuko wa saruji. Na hao shosti umewataja mara nne, mumeo karibu mara zote ni "yeye".

Mimi nimehamia kwenye pagale Mbagala na mtoto wa miezi minne mgongoni. Sakafu kifusi, mlango mmoja tu wa mbele, nyuma tumeegemeza bati, madirishani tumepigilia mifuko ya saruji kwa mbao za papi, usiku upepo ukija inapiga pwa pwa pwa mtoto anashtuka. Nililia wiki nzima. Halafu mwisho wa mwezi ukafika, hakuna aliyegonga kudai kodi, nikakaa kwenye ndoo nikalia tena ila kilio kingine kabisa. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Piga hesabu mwenyewe, laki 2 na nusu ni milioni 3 kwa mwaka, miaka 7 ni 21, hata kama miaka ya mwanzo ilikuwa pungufu hilo pagale mngeshalinunua zamani.

Na mama mkwe wako kakukosea nini hasa? Mama mtu mzima kainama chini ya mikorosho kaokota moja moja, hela ya mnada imetoka badala ya kujiezekea kwake kawapa nyie, wewe unamlipa kwa "najua tu". Hajasema anataka chumba popote kwenye barua yako. Na hata akitaka, akija kuwaona wajukuu alale wapi, kwenye kochi?

Ndoa za siku hizi zinanichosha, cha mume chetu cha mke changu, kila mtu ana kikoba cha siri na laini ya simu ya siri, watu wanachangisha mamilioni ya harusi, ukumbi umepambwa mpaka dari, Jumatatu maharusi wamerudi chumba cha kupanga wananuniana kwa ajili ya luku. Halafu wanashangaa hawajengi. Watajenga na nani!

Kuondoka usiondoke. Toa hiyo milioni 3, ila isitoke mpaka karatasi zinyooke, hapo tu ndo nipo upande wako na mumeo anikasirikie. Watoto wa marehemu hawauzi kwa kuwa ni watoto, muulizeni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama yuko wapi na barua yake muione, muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi. Muhuri wa serikali ya mtaa nao sio hati. Nendeni ofisi ya ardhi mkaulize kama eneo limepimwa na kama halijaingia hifadhi ya barabara. Na mkataba uandikwe majina yenu wote wawili, mwambie kwa upole kabla ya siku ya kusaini, sio mbele ya mashahidi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo huombi fadhila.

Leo usiku mpigie mama mkwe umshukuru kwa hiyo milioni 2, wewe mwenyewe, usimtume mumeo. Halafu msubiri mvua kubwa inyeshe, kesho yake pandeni gari muende wote Chanika mkaangalie maji yanasimama wapi, muulize na majirani.