Maswali ya karakana: kabla hujanunua kingine

Maswali mengi safari hii yanaulizia cha kununua. Kwa baadhi yenu nitajibu kwa vitu ambavyo tayari viko mezani.

Fundi, nikitoboa nondo ya mviringo kwa drili ya kusimama, tundu linakwenda pembeni. Kuna kifaa cha kulipata katikati?

Vipo, lakini anza na rula nyembamba ya chuma. Bana nondo kwenye jiliwa (kibanio cha chuma cha karakana), funga kwenye drili kipande cha chuma chenye ncha kali, kisha laza rula kukatisha mgongo wa nondo. Mashine ikiwa imezimwa, teremsha ncha polepole mpaka ibane rula. Rula ikiinamia kulia, ncha imepita kulia. Sogeza jiliwa kulia kidogo, ujaribu tena. Ikilala sawa, uko juu kabisa ya mgongo. Funga jiliwa palepale, toa ncha, anza na biti fupi nene isiyopinda, ndipo uweke biti ya kipimo chako. Macho hayakadirii mgongo wa nondo vizuri, ila mwinamo wa rula yanauona hata ukiwa mdogo sana.

Rula hiyohiyo inakupimia kimo cha kisu kwenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha kazi, yaani kipande unachokitengeneza, huku kisu kikikikata. Ibane kwa wepesi kati ya ncha ya kisu na kazi ya mviringo, mashine ikiwa imesimama. Ikikaa wima, kisu kiko sawa na katikati. Juu yake ikielemea kwako, kisu kiko chini. Ikielemea upande wa kazi, kisu kiko juu. Wale mnaolalamika kwamba mkikereza uso wa nondo kinabaki kipele kidogo katikati, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Msibane kwa nguvu tu, maana visu vya kabaidi, ambayo ni ngumu sana lakini haihimili kugongwa, humeguka ncha.

Biti mpya imeungua kwenye stenlesi baada ya tundu moja. Nimeuziwa feki?

Huenda, ila kabla ya kumlaumu muuzaji angalia mwendo. Stenlesi ya kawaida hugumu pale biti inaposugua bila kukata. Ukienda kasi huku unabonyeza kwa woga, unaitengenezea biti ukuta. Hesabu ni hii: chukua mwendo wa ukataji kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 320, gawa kwa kipenyo cha biti kwa milimita. Chuma laini kipe mita 25, stenlesi mita 12. Kwa biti ya milimita 10 unapata mizunguko 800 kwa dakika kwa chuma laini, na chini kidogo ya 400 kwa stenlesi. Tia mafuta ya kukatia, bonyeza kwa uthabiti, na usiiache biti izunguke bure ndani ya tundu. Drili nyingi za mkono ukibana kitufe chote zinapita mwendo huo mbali sana.

Nitoboe tundu la kipimo gani kabla ya kupitisha tepu ya kuchonga uzi ndani ya tundu? Nimeshavunja mbili.

Toa hatua ya uzi, yaani umbali kutoka jino moja la uzi hadi linalofuata, kwenye kipenyo cha bolti. M6, yaani bolti ya kipenyo cha milimita 6, ina hatua ya milimita 1, toboa 5. M8 ina 1.25, toboa 6.8. M10 ina 1.5, toboa 8.5. Tepu nyingi huvunjika kwa sababu zimeingia kombo, kwa hiyo baada ya kutoboa usiifungue kazi: toa biti, bana tepu kwenye taya zilezile za drili, chomoa umeme, uzungushe kwa mkono huku ukishusha mpini wa drili taratibu. Mizunguko michache ya mwanzo ikiingia wima, malizia kwa mpini wa tepu. Rudisha nyuma nusu mzunguko kila mara ili chenga zikatike, na mafuta yasikosekane.

Tupa inajaa aluminiamu na kuchora mistari kwenye kazi.

Isugue na chaki ya ubaoni kabla ya kuanza. Ikijaa, brashi ya waya, halafu chaki tena.

Nikifupisha bolti kwa msumeno, nati haiingii tena.

Ingiza nati kwanza, ipite mahali pa kukata, ndipo ukate. Piga tupa ukingo, kisha fungua nati. Ikitoka inanyoosha nyuzi zilizoharibika mwishoni. Na usiibane bolti kwa nyuzi zake kwenye jiliwa. Chukua nati nyingine, ipasue ubavu mmoja kwa msumeno, ivishe kwenye bolti, ubane nati hiyo. Mpasuko unajifunga, bolti inashikwa imara, nyuzi zinabaki salama. Mimi ninazo za kila saizi ninayotumia, zimetungwa kwenye waya ukutani.

Chenga za chuma zinanichoma vidole. Nivae glavu nikiwa kwenye mashine?

Hapana. Karibu na kitu kinachozunguka glavu ni hatari kuliko chenga, kwa sababu ikinaswa inavuta mkono mzima. Zima mashine, tia sumaku ndani ya mfuko wa plastiki, pitisha juu ya meza. Chenga zikishajaa, geuza mfuko nje ndani huku ukichomoa sumaku, zote zinabaki humo. Za aluminiamu na shaba hazishikwi na sumaku. Hizo ni za brashi. Upepo wa kompresa usiutumie, unazisukuma kwenye njia za mashine na machoni pako.