Maswali na majibu: kikohozi baada ya mionzi

*Mama alimaliza mionzi ya saratani ya pafu miezi miwili iliyopita. Sasa anakohoa kikavu na kuhema akipanda ngazi. Mionzi si imekwisha?*

Mionzi imekwisha, lakini saitokini, yaani protini ambazo seli hutumiana kama ujumbe, bado ziko kazini: zinaleta mchochota, uvimbe wa pafu lililojeruhiwa na mionzi. Tangu siku za mwanzo, seli zilizojeruhiwa humwaga saitokini kama TNF-alfa, IL-1 na IL-6. Hizi huita seli nyeupe za damu, nazo zikifika humwaga nyingine. Mgonjwa hahisi kitu hadi kati ya wiki ya 4 na ya 12, pengine hata mwezi wa 6, ndipo kikohozi na homa ndogo hujitokeza. Mwenzao TGF-beta hulala kwenye tishu akiwa amefungwa ndani ya protini. Mionzi humfungua, naye huzisukuma faibroblasti, seli za kujenga tishu, zifume kolajeni, nyuzi ngumu za protini. Hilo ndilo kovu la baadaye.

Mrudishe alikotibiwa, akiwa na mpango wake wa mionzi. Kwenye picha ya CT, kivuli cha mionzi mara nyingi hufuata mipaka ya miale, hakijali migawanyo ya pafu. Na apimwe TB kwanza. Kwetu kikohozi kina wenyewe wengi.

*Nipime TGF-beta kwenye damu?*

Swali hili tena! Hapana. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimejaa TGF-beta, na damu ikiganda tu kwenye chupa huimwaga. Utalipia namba ya chupa, si ya pafu. Ulizia V20 kabla ya siku ya kwanza ya mionzi: asilimia ya mapafu yatakayopata grei 20 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) au zaidi. Kwa saratani ya pafu, ikipita 35 daktari akueleze kwa nini. Wastani wa dozi ya mapafu yote nao usivuke grei 20.

*Tangawizi na manjano hushusha saitokini?*

Kwenye chai ni tamu.

*Duka la dawa limenipa antibiotiki.*

Mchochota wa mionzi hauna kijidudu cha kuua. Ukimeza bila kupimwa, unapoteza wiki.

*Nilipewa prednisoloni miligramu 60. Siku ya tano kikohozi kikaisha, nikaacha.*

Rudi leo, usisubiri kliniki ijayo. Dawa hiyo hunyamazisha saitokini, haizing'oi. Kawaida ni takriban miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa wiki 2 hadi 4, kisha hupunguzwa pole pole kwa wiki 6 hadi 12. Ukikatiza ghafla, mchochota hurudi, pengine kwa kishindo. Ukiendelea nayo, pima sukari, na muulize daktari kama unahitaji septrini ya kukinga nimonia. Wanaosubiri kovu likomae ndipo waombe prednisoloni wamechelewa: kolajeni ikishafumwa, haiyeyuki kwa kidonge hicho.