Kwa Wanaoanza Kutengeneza Polima kutokana na Kemikali za Mwili

Wengi wanaoingia katika kazi hii huvutwa na jambo lile lile lililonivuta mimi: kwamba asidi ya sitriki, asidi ya laktiki na gliseroli ni kemikali ambazo mwili wenyewe huzitengeneza na kuzitumia kila siku, na kwa hiyo kiunzi cha kuoteshea mfupa kilichoundwa kwa kuziunganisha kuwa polima (minyororo mirefu ya molekuli ndogo) hakitakuwa kitu kigeni mwilini. Hoja hiyo ina ukweli, kwani takriban asilimia 90 ya sitreti (asidi ya sitriki katika umbo la chumvi) ya mwili imo katika mifupa. Hata hivyo nawasihi msianze na imani kwamba kitokacho mwilini hakidhuru, maana mwili huimudu kemikali kwa kiasi na kwa kasi unayoizoea.

Hilo nilijifunza kwa hasara. Polima yangu ya kwanza ya sitreti niliitoa katika oveni kabla haijakomaa, nikaikata vipande na kuviweka pamoja na seli bila kuviosha vya kutosha. Asubuhi kimiminika cha kukuzia seli kilikuwa kimeacha wekundu wake na kuwa cha manjano, dalili ya asidi, na seli nyingi zilikuwa zimekufa. Zilizoziua ni monoma, yaani zile molekuli ndogo za kuundia polima, zilizobaki bila kuungana. Siku hizi hukiloweka kila kipande, nikabadilisha maji na kupima pH mara kwa mara hadi itulie, hata kama kufanya hivyo kunakula siku kadhaa.

Unene nao una mambo yake, na naona haupewi uzito unaostahili. Maji huvunja vifungo vya esta, vinavyoshikanisha molekuli katika polima hizi, na kuzalisha asidi. Katika kipande kinene cha polima ya asidi ya laktiki, asidi hiyo hukwama ndani na kuharakisha uvunjikaji, hata kiini kikaoza ilhali ganda la nje linaonekana zima. Kwa sababu hiyo, matokeo ya utando mwembamba msiyahamishie kwenye skrubu ya mfupa. Pimeni kipande chenye vipimo vile vile vitakavyotumika, mkikate katikati na kukitazama, tena msitegemee mizani pekee.

Andikeni pia katika daftari aina ya asidi ya laktiki mliyotumia: L au D, maumbo mawili ya molekuli ile ile yanayofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo. Polima ya aina ya L pekee hujipanga kwa fuwele na kudumu muda mrefu, ilhali ile iliyochanganya L na D nusu kwa nusu haina fuwele na huvunjika mapema zaidi.